Nilichojifunza kwa Kuangalia Vinyama

Shuleni tuliichora seli ikiwa peke yake. Duara katikati ya ukurasa, kiini ndani yake, mitokondria mbili tatu, kisha mishale ya majina iliyopigwa kwa rula, maana mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa anakata alama kwa mshale uliopinda. Nilimaliza kidato cha sita, nikaingia chuo hapa Dodoma, mchoro ukabaki ule ule, yakaongezeka majina tu. Leo kazi yangu ni kuandaa vinyama, yaani vipande vidogo vilivyokatwa kwenye mwili wa mgonjwa, kwenye maabara ya patholojia ili daktari avisome, na seli ya namna ile, inayoelea peke yake kwenye karatasi nyeupe, sijaiona hata moja. Ninazoziona zimebanana, zimeshikana, zimeelekea upande fulani kwa sababu jirani zake zimeelekea huko. Mengi ninayoyajua kuhusu magonjwa nimeyapata zaidi kwa kuangalia ujirani huo kuliko seli yenyewe.

Nieleze kwanza kinyama kinavyoandaliwa, kwa sababu watu wakisikia "wamechukua kinyama" wanaogopa, na majibu yakichelewa wanadhani kimepotea. Kinyama kinafika kwenye kichupa chenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Tunakitoa maji kwa alkoholi inayoongezwa ukali hatua kwa hatua, tunakipitisha kwenye zailini, halafu kwenye nta iliyoyeyushwa kwa nyuzi joto 60 hivi, mpaka nta iingie kila mahali maji yalipokuwa. Nta ikiganda unapata kibonge. Kibonge kinabanwa kwenye maikrotomu, kinapitishwa kwenye wembe, kinatoka kipande chenye unene wa mikroni 3 hadi 5. Ukitaka kufikisha milimita moja inabidi upange vipande 200 na zaidi. Unakilaza juu ya maji ya uvuguvugu kikunjuke, unakizoa kwa kioo, unakikausha, unakipa rangi mbili: hematoksilini inayovifanya viini kuwa vya zambarau, na eosini inayoacha sehemu nyingine na rangi ya waridi. Mwezi wa kumi, joto la Dodoma likipanda, nta inalegea na vipande vinachanika, kwa hiyo vibonge vinakaa juu ya barafu mpaka dakika ya mwisho. Ni kazi ya mikono na subira, haina haraka.

Na hapa nina ombi kwa wenzangu walioko wilayani: kinyama kiwekwe kwenye fomalini, si kwenye maji ya dripu, na fomalini iwe mara 10 ya ukubwa wa kinyama chenyewe. Kikisafirishwa kwenye basi kutwa nzima kikiwa kimelowa nusu tu, seli zinajimeng'enya zenyewe njiani. Viini vinafifia, mipaka inapotea, daktari anabaki kuangalia uji wa waridi, na mgonjwa anaambiwa arudi akakatwe tena.

Ngozi ndiyo iliyonifungua macho. Ukiangalia tabaka lake la juu kwa lenzi kubwa, kati ya seli na seli unaona vijimstari vifupi vingi. Hivyo ni vishikizo vinavyoitwa desmosomu. Seli zinasinyaa kidogo wakati wa kuandaliwa, lakini vishikizo havikubali kuachia, ndiyo maana vinaonekana vimevutika. Seli zinazaliwa chini, zinasukumwa juu, zinajaa keratini, ile protini inayokaza ngozi, zinakufa, zinakuwa gamba linaloondoka ukijisugua bafuni. Kila moja inajua iko tabaka gani na inatakiwa kufanya nini hapo.

Chini kabisa kuna seli chache zenye matawi, melanosaiti, ambazo kazi yake ni kutengeneza melanini, rangi ya ngozi. Kilichonishangaza ni kwamba melanini hiyo haibaki kwa aliyeitengeneza. Melanosaiti moja inagawa punje zake, kupitia matawi yale, kwa seli 30 hadi 40 zinazoizunguka. Zinazopokea nazo hazizitawanyi ovyo. Zinazirundika juu ya kiini, upande jua linakotokea. Kwenye ngozi nyeusi kama ya wengi wetu huhitaji kuambiwa uangalie wapi: kila kiini cha tabaka la chini kimefunikwa kwa kahawia upande mmoja, na pande hizo zote zinaelekea juu. DNA iko chini ya kivuli. Seli moja inazalisha, nyingine 30 na zaidi zinakingwa, na hakuna hata moja ambayo ingeweza kuupata mpango huo peke yake.

Kwa mtu mwenye ualbino melanosaiti zipo, matawi yapo, njia ya kugawa ipo. Kinachokosekana ni cha kugawa. Aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi kwetu inatokana na hitilafu kwenye jeni inayoitwa OCA2, na matokeo yake ni kwamba viini vya ngozi viko wazi kwa jua. Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, mawingu ni ya kutafuta kwa miezi mingi ya mwaka, na shughuli za watu ni za shambani, mnadani na barabarani. Mionzi ya urujuanimno inagandisha herufi mbili za DNA zilizokaa jirani, seli inarekebisha, inagandishwa tena kesho yake. Vinyama vya saratani ya ngozi vya watu wenye ualbino vinapofika mezani kwetu, mara nyingi fomu inaonyesha umri mdogo kiasi kwamba unaisoma tena kuhakikisha. Bado nakutana na watu, wengine wasomi kabisa, wanaohesabu mafuta ya kuzuia jua kuwa ni urembo. Kwa mtu huyu ni dawa, pamoja na kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu, tangu akiwa mtoto mgongoni.

Saratani hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuiita saratani mvamizi. Aina inayotokea sana hapo ni ile ya seli bapa za ngozi. Ukiiweka chini ya hadubini, unaona seli zimezama mahali ambapo hazikupaswa kufika, kwenye nyama ya ndani, zimejikusanya makundi makundi. Lakini katikati ya kundi kuna kitu cha waridi kilichojiviringisha tabaka juu ya tabaka. Wataalamu wanakiita lulu. Ni keratini. Seli zile, zikiwa zimepotea njia kabisa, bado zinatengeneza gamba la ngozi, ila zinalitengeneza huko ndani kusikokuwa na uso wa kulipeleka. Ukiangalia vizuri, hata vile vishikizo kati ya seli na seli bado vipo hapa na pale. Daktari anavitafuta makusudi, kwa sababu vinamwambia seli hizi asili yake ni wapi. Akiona lulu nyingi na vishikizo vingi anaandika kwamba uvimbe bado unafanana na ngozi. Akiona seli za maumbo yasiyofanana, zisizoshikana, zisizotengeneza chochote, anaandika daraja baya zaidi. Nilichukua muda kuelewa kwamba daraja lile tunaloandika kwenye majibu linapima kitu kimoja tu: seli bado inakumbuka kwa kiasi gani kazi iliyopewa na mwili.

Kuna suala la kufa. Watu wanadhani seli nzuri ni ile isiyokufa, na kwa kweli hata mimi chuoni nilisoma sura ile mara mbili. Kuna kufa na kufa. Kuna seli inayokufa kwa kukosa damu au kwa kuungua. Hiyo inavimba, inapasuka, inamwaga vilivyomo, na jirani wote wanavimba pamoja nayo. Halafu kuna seli inayopewa amri ya kufa. Hiyo inasinyaa, kiini kinakuwa kitone cheusi, inajikata vipande vilivyofungwa vizuri, na jirani wanavimeza bila fujo. Kwenye kinyama cha kawaida unaziona moja moja, tulivu. Wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie ndio waliokipa kifo hicho jina la apoptosisi mwaka 1972. Vidole vyetu vimeachana kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake, tukiwa bado tumboni, zilikufa kwa utaratibu huo.

Waliokuja kuonyesha kwamba ni amri iliyoandikwa kwenye jeni walikuwa wanachunguza mnyoo wa udongoni wenye urefu wa milimita moja, Caenorhabditis elegans. Mnyoo huyo anapokua, ukiacha seli za uzazi, zinazaliwa seli 1,090, na 131 kati yake zinakufa, zile zile, kwa wakati ule ule, kwa kila mnyoo. Zinabaki 959. Sydney Brenner, aliyezaliwa Germiston huko Afrika Kusini, alishirikiana Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002 na Robert Horvitz na John Sulston kwa kazi hiyo. Na Martin Raff, huko London, akaenda mbele zaidi kwenye miaka ya 1990: karibu kila seli ya mwili wa mnyama inahitaji kuendelea kupokea ishara kutoka kwa seli nyingine ndipo iendelee kuishi. Ishara zikikatika, inajiua. Ukiibandua seli ya utando wa utumbo kutoka kwenye jirani zake ukaiacha ielee, kwa kawaida haikai. Uhai wake ni kibali kinachohuishwa kila saa.

Mwenye kutoa amri nyingi za kufa anaitwa p53. Ni protini inayokagua: DNA ikiharibika, inaisimamisha seli ijirekebishe, ikiharibika kupita kiasi, inaiamuru ife. Zaidi ya nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu kwenye jeni ya p53 au zimeilemaza kwa njia nyingine. Sisi tuna jeni hiyo moja, nakala moja ya baba na moja ya mama. Tembo wana takriban 20, ingawa nyingi ni nakala za ziada zisizo kamili, na seli za tembo zikiharibiwa DNA zinakufa upesi kuliko zetu. Hilo lilichapishwa mwaka 2015, na likajibu sehemu ya swali ambalo mtaalamu wa takwimu Richard Peto aliwatupia wenzake tangu miaka ya 1970: kama kila seli inaweza kugeuka saratani, basi mnyama mwenye seli nyingi sana angepaswa kuugua mno. Tembo wa Ruaha ana uzito wa tani kadhaa na anaishi miaka 60, na saratani kwake ni nadra. Ametajirika kwa seli zilizo tayari kufa.

Virusi vya HPV, vinavyoshambulia mlango wa kizazi, vinajua umuhimu wa p53. Vinataka seli iendelee kugawanyika ili navyo vinakiliwe, kwa hiyo vina protini mbili: moja inaipeleka p53 ikavunjwe, nyingine inafungua breki ya pili inayoitwa Rb. Ndiyo saratani ya mlango wa kizazi hiyo, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Inachukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kukomaa, na ndiyo maana uchunguzi una maana: muuguzi anapaka asidi ya siki, anasubiri dakika moja, na mahali ambapo seli zimejazana kupita kiasi panageuka peupe. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sina zaidi la kusema hapo isipokuwa kwamba siki na taa vinashika mapema kile ambacho kwangu kinafika kimechelewa.

Saratani inapewa nafasi kubwa kwenye mazungumzo kuhusu seli, na nafikiri inapewa mno. Ugonjwa ulionigusa nyumbani ulikuwa mwingine, na ndani yake hakuna seli hata moja iliyogeuka.

Bibi yangu mzaa baba, kule Kongwa, alikuwa na kibano cha chuma alichokifunga kwenye pindo la kitenge. Jua likitulia alasiri alikaa kwenye kigoda nje, akaniita: "Njoo mjukuu wangu, wewe una macho mazima." Namshika kidevu, nageuza uso wake kwenye mwanga, natafuta kope zilizogeukia ndani. Zilikuwa fupi, ngumu, nyingine nyeupe, zinakwangua kioo cha jicho kila akipepesa. Nilizing'oa moja moja, machozi yakimtoka hata kabla sijagusa. Baada ya wiki chache zimeota tena. Wageni aliwatambua kwa sauti ya salamu yao, "mbukwenyi", si kwa sura.

Ni trakoma, au vikope kama tunavyosema. Kongwa imechunguzwa kwa ugonjwa huo tangu miaka ya 1980, pengine kuliko wilaya nyingine yoyote nchini. Bakteria wake, Chlamydia trachomatis, anaishi ndani ya seli za utando wa ndani wa kope, na anahama kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso na kwa nzi wanaopenda macho ya watoto. Wanaoumia zaidi ni wanawake, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto. Duniani kote wanapofushwa na trakoma hadi mara 4 zaidi ya wanaume.

Lakini bakteria hakumkunja bibi kope. Nilikuja kulielewa hili nikiwa kazini, siyo darasani. Seli iliyovamiwa inapiga kelele za kikemikali. Seli nyeupe zinakimbilia pale, zinamwaga vimeng'enya vya kuua, na vimeng'enya hivyo vinakula tishu yetu wenyewe. Zinafuata faibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni, nyuzi za kuziba pengo. Kwa kidonda cha mara moja huo ni utaratibu mzuri kabisa: pengo likizibwa, faibroblasti zilizokuwa zinavuta kidonda kifunge zinapokea amri ya kufa, kazi inaishia hapo. Mtoto wa Kongwa wa wakati ule alikuwa anaambukizwa, anapona, anaambukizwa, miaka na miaka, kwa sababu maji yalikuwa mbali na uso ulinawishwa yakibaki. Amri ya kuacha haikuwahi kusikika vizuri. Kila mara liliongezwa kovu juu ya kovu, na kovu linavyokauka linavuta, kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa bila kuwambwa inavyojikunja kingo kuelekea ndani. Kope zikafuata huko.

Hakuna seli iliyokosea kwenye mlolongo huo. Iliyolia ilipaswa kulia. Iliyokuja kuua ilipaswa kuua. Iliyoziba iliziba. Nimekaa na jambo hilo kwa muda mrefu, kwa sababu fomu zetu za majibu hazina sehemu ya kuliandika: tunajaza seli gani ni mbaya, na hapa ubaya uko kwenye mfululizo wa mazungumzo yao. Ndiyo maana tiba ya trakoma haiishii kwenye dawa. Kuna upasuaji wa kugeuza kope, kuna azithromycin, dawa ya kuua bakteria, inayogawiwa kijiji kizima, kuna kunawa uso, kuna vyoo na maji. Bibi alifanyiwa upasuaji na timu ya macho iliyokuja kituo cha afya. Kibano akampa jirani yake.

Kope zilinirudia tena kwenye masomo kwa njia nisiyoitarajia. Mwaka 2015 watafiti wa huko Uingereza walichukua ngozi ya kope iliyokatwa kwa watu 4 waliofanyiwa upasuaji wa kope zilizolegea. Ngozi nzima, isiyo na ugonjwa. Wakasoma DNA yake kipande kwa kipande, wakakuta kwamba karibu robo ya seli tayari zilikuwa na mabadiliko ya jeni yanayojulikana kuchochea saratani. Robo! Na watu hao hawakuwa na saratani ya kope. Seli zile zilikuwa zimekaa kwenye mstari, zimeshikana na jirani, zinapanda juu na kudondoka kama kawaida.

Mtafiti Mina Bissell wa Marekani alikuwa ameshagusa jambo hilo kwenye miaka ya 1980. Kuna virusi vya kuku vilivyogunduliwa na Peyton Rous mwaka 1911, ukivichoma kwenye bawa la kifaranga anaota uvimbe upesi. Bissell na wenzake waliviingiza kwenye kiinitete cha kuku ndani ya yai, seli zikaambukizwa, jeni ya saratani ikawemo, uvimbe haukutokea. Na kwa kifaranga mwenye virusi, walipomjeruhi upande wa pili, mbali na walipochoma sindano, uvimbe ukaota pale penye jeraha. Jeni ni ile ile. Kilichobadilika ni hali ya mtaa: jeraha linaamsha seli zote zilizo karibu, linazipa ruhusa ya kugawanyika, linalegeza masharti.

Kwa hiyo ninapopokea kinyama kilichokatwa pembeni ya kidonda cha mguu cha miaka mingi, au kwenye kovu la kuungua moto ambalo halikuwahi kufunga sawasawa, huwa nakikata kwa uangalifu wa ziada. Vidonda hivi vinaweza kugeuka, na tunaviona. Mtu anakifunga kitambaa, anakipaka majani, anakizoea, kinakuwa sehemu ya maisha yake. Kidonda kilichokaa miezi bila dalili ya kufunga, au kilichokuwa kinafunga kikaanza kuota nyama pembeni, kinahitaji kinyama. Hilo nalisema kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye bodaboda, wamenizoea.

Sasa nije kwa kitu ambacho mkoa wetu unakijua kwa machungu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Wagonjwa waliorekodiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Ile ilikuwa dozi kubwa, ini lilishindwa kwa siku chache. Mimi ninachokitafuta chini ya hadubini ni dozi ndogo ya miaka mingi.

Ini linafanya kazi ambayo seli za sehemu nyingine zimeiachia: kusafisha chakula kabla hakijafika kwa wengine. Sumukuvu inayotengenezwa na ukungu wa Aspergillus flavus inafika hapo ikiwa haijawa kali sana. Ni seli ya ini yenyewe, ikijaribu kuivunja, inayoigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA. Na inapenda mahali. Mwaka 1991 vikundi viwili, kimoja kikichunguza saratani za ini za China na kingine za kusini mwa Afrika, vilikuta herufi moja iliyobadilika, G kuwa T, mahali pale pale, kwenye nafasi ya 249 ya p53. Yule mkaguzi. Ukiongeza homa ya ini B, inayoua seli za ini na kulazimisha zilizobaki zigawanyike kuziba pengo, unapata mambo yote mawili: jeni iliyoharibika na mtaa usiotulia. Hatari zake zinazidishana, hazijumlishwi tu. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B anayopata mtoto kliniki na turubai la kuanikia karanga zisiote ukungu vinafanya kazi moja, ingawa vinatoka wizara tofauti.

Mama mdogo anauza karanga na mahindi Kibaigwa, na mwaka huu nilipomtembelea nilimkuta anachambua debe la karanga juu ya gunia. Alikuwa anafanya vizuri, kuliko nilivyotarajia: zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zote anatupa kwenye beseni la pembeni. Hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu, na kuzikaanga au kuzichemsha hakuiondoi. Nilimweleza habari ya ini, ya jeni, ya herufi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Nimekuelewa mwanangu. Hizi mbovu sisi hatuli."

"Unazipeleka wapi?"

"Nawapa kuku."

"Mama, na kuku nao wana ini. Halafu kuku hao si ndio tunaowala?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaliangalia lile beseni, lilikuwa limefika nusu, akaniuliza kama huko maabara kwetu kuna mtu wa kumlipa bei ya nusu debe.